Usimamizi na motisha kwa maafisa ustawi wa jamii: maswali tunayoulizwa sana hapa Dodoma

Maswali haya nimeyaokota kwenye vikao, kwenye simu za jioni, na kwa wanafunzi wa field, yaani wa mafunzo kwa vitendo, wanaopita ofisini kwetu kila mwaka. Wengi wanaouliza ni maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri na kata za mkoa wa Dodoma, na wachache wa upande wa Manyoni na Singida. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Nilianza kazi hii nikiwa afisa peke yangu kwenye tarafa nzima; leo nasimamia wenzangu sita. Nina msimamo wangu na sitauficha: kikao kizuri cha usimamizi ndiyo motisha ya kwanza ya afisa ustawi, hata kabla ya posho. Mkiona nimelivutia jibu upande huo, mnivumilie.

Usimamizi ni nini hasa? Si bosi kukagua kazi tu?

Neno lenyewe limetuponza. Ukisema "msimamizi", mtu anamwona yule wa mtihani anayezunguka kati ya madawati, au nyapara wa shambani. Na kwa mtumishi wa umma, kusimamiwa na kusimamishwa vinasikika karibu mno.

Kwenye taaluma yetu usimamizi ni kikao chenye siku na saa yake, kati ya afisa anayebeba mashauri, yaani kesi za watu na familia zao, na mwenzake aliyemtangulia kwa uzoefu. Wanayapitia mashauri moja moja: umefanya nini, kwa nini umefanya hivyo, umeacha nini, na kazi yenyewe imekufanya nini wewe. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa. Mmarekani Alfred Kadushin aliyagawa majukumu ya msimamizi mwaka 1976 katika mafungu matatu, na vyuoni tunafundishwa hivyo mpaka leo: utawala, yaani kazi ifanyike kwa taratibu, mafunzo, yaani afisa aongeze ujuzi, na kumtegemeza, yaani asivunjike moyo akiwa katikati ya kazi. Ofisi zetu nyingi zina fungu la kwanza. La pili tunalipata kwenye semina. La tatu tunaachiwa kila mtu na nyumba yake.

Jambo hili lilianzia wapi?

Uingereza na Marekani, karne ya 19. Vyama vya kuratibu misaada, cha London mwaka 1869 na cha Buffalo mwaka 1877, vilikuwa na watu wa kujitolea waliotembelea nyumba za maskini, na watumishi wachache wa kulipwa waliowapokea wakirudi, wakawasikiliza na kuwaelekeza. Wa kujitolea walikuwa wengi, walikata tamaa upesi na kuacha. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza msimamizi aliwekwa ili kazi iwe sahihi na pia ili watu wasikimbie. Sisi tumerithi nusu ya kwanza.

Mkuu wangu wa kazi ni mganga mkuu wa wilaya. Atanisimamiaje kwenye ustawi?

Hili naulizwa karibu kila mwezi. Kwenye halmashauri, ustawi wa jamii umewekwa pamoja na afya na lishe, kwa hiyo aliye juu yako kwa kawaida ni daktari. Mwajiri wako ni halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI. Miongozo ya taaluma inatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Makao makuu ya zote mbili yako Mji wa Serikali, Mtumba. Afisa wa Bahi anaweza kupanda basi asubuhi, akazipita zote mbili kabla ya saa sita, na jioni akarudi kwenye shauri lake akiwa peke yake vilevile.

Simlaumu mganga mkuu. Ana chanjo, ana dawa, ana vifo vya kina mama, ana zahanati isiyo na maji. Akifungua jalada lako la ndoa ya utotoni analisoma kama daktari: dalili, tiba, tarehe ya kurudi. Shauri la familia haliendi hivyo. Mama anaweza kurudi mara tano kabla hajasema kilichomleta.

Ninachowashauri ni kutenganisha mambo mawili. Ruhusa, safari, mafuta, likizo na mpango kazi vibaki kwa mganga mkuu. Mazungumzo ya mashauri yaende kwa afisa ustawi mwandamizi wa halmashauri, au wa mkoa, au hata wa halmashauri jirani kama kwenu mko wawili tu na nyote wapya. Liandikie barua jambo hili, usilimalize koridoni. Sijaona mganga mkuu akikataa, kwa sababu unampunguzia mzigo. Ripoti atakayopata iseme vikao vingapi vimefanyika na mashauri mangapi yamepitiwa. Yaliyosemwa ndani yabaki ndani.

Kikao kizuri kinaendaje? Tupe mfano.

Sisi tunakaa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, nyuma ya ofisi chini ya mwarobaini. Ndani watu wanaingia na kutoka wakiuliza stempu. Simu zinaachwa kwenye droo. Kila afisa ana saa moja kila baada ya wiki mbili, na analeta majalada mawili: moja linalomsumbua na moja analodhani halina shida. Hilo la pili ndilo ninaloanza nalo.

Mwaka juzi kijana mmoja alileta jalada la bibi anayelea wajukuu watatu, kijiji cha mbali kidogo na mjini. Ametembelea mara nne. Mara zote nne ameandika, "Familia inahitaji msaada." Mwandiko mzuri, tarehe zipo, sahihi ya mtendaji wa kijiji ipo. Nikamuuliza, "Bibi mwenyewe anasema nini?"

Akatazama jalada. Akafunua kurasa mbele, akarudi nyuma. Kisha akasema taratibu, "Mama, bibi hajasema kitu."

Kumbe mara zote alikuwa akizungumza na mtendaji. Bibi anajua Kigogo tu, kijana anatoka Kagera, na aliona aibu kuuliza nani atamtafsiria. Mjukuu mkubwa alijitolea, naye akamkatalia, na hapo alikuwa sahihi: mtoto hatafsiri mambo ya nyumbani kwao mbele ya afisa. Sikumkaripia. Tulikubaliana atafute mama mmoja kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, asiye ndugu wa bibi. Na kabla ya yote ajifunze kuamkia. Tukarudia pale chini ya mti, "Mbukwenyi", mpaka akaacha kucheka.

Safari ya tano bibi alisema. Msaada wa unga hakuutaja kabisa. Alikuwa na mjukuu wa nne, mvulana wa miaka 13, ambaye hakuna aliyemwandika popote kwa sababu hakuwepo siku zile za ziara: alikuwa mjini anauza maji stendi. Bibi alitaka arudi. Shauri zima lilikuwa hapo, na tulikuwa tumelizunguka mara nne.

Kijana yule alikuwa ameshaandika barua ya kuomba uhamisho. Hakuipeleka. Sisemi ni kwa sababu ya kikao kile peke yake, ila mwenyewe aliniambia kuwa kwa mara ya kwanza ameona kazi yake ikifika mahali.

Motisha bila fedha si porojo tu?

Nusu ni porojo, ndiyo. Tuanze na neno tena: kwenye utumishi ukisema "motisha", watu wanasikia bahasha. Hawajakosea sana. Afisa anayetoa nauli ya boda mfukoni kwenda kumtazama mtoto aliyefichwa ndani, anayeweka bando lake mwenyewe ili atume taarifa, anayedai posho ya kujikimu tangu robo iliyopita, huyo usimwendee na hotuba ya wito. Ukimwita kwenye kikao ukamwambia "kazi yetu ni ya thawabu", atakuitikia "ndiyo mama" na moyoni ameshafunga mlango.

Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahasibu na wahandisi wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Waliwaomba wakumbuke siku walizoipenda sana kazi yao na siku walizoichukia. Majibu hayakuwa vinyume. Siku mbaya zilihusu mshahara, sera za ofisi, mazingira ya kazi na mkuu wa kazi asiyefaa. Siku nzuri zilihusu kazi iliyofanikiwa, kutambuliwa, kukabidhiwa jukumu, na kazi yenyewe. Maana yake, ukiondoa kero mtu anaacha kulalamika, ila hujampa bado sababu ya kuamka asubuhi na hamu.

Mimi namkubali Herzberg kwa tahadhari moja. Wale watu wake walikuwa na ofisi, na sidhani kama kuna aliyewahi kumlipa boda ili akafanye kazi ya mwajiri. Kwetu mambo lazima yafuatane. Kwanza mafuta, nauli, kiti, kabati linalofungwa kwa ufunguo, na stahili za mtu zilipwe, zikiwemo daraja na malimbikizo. Kama huna uwezo wa kuzilipa wewe msimamizi, na mara nyingi huna, basi uwe na uwezo wa kuzifuatilia na kumwambia ukweli zimefika wapi. Kumfuatilia mtu barua yake masijala ni usimamizi. Nimeona afisa akitabasamu wiki nzima kwa sababu bosi wake alikwenda kwa afisa utumishi mwenyewe na kurudi na jibu, tena jibu lenyewe lilikuwa "bado".

Halafu yanakuja mengine ambayo hayana gharama na hatuyatoi. Kumrudishia afisa habari ya shauri alilolikabidhi: yule binti uliyempeleka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mahakama imeamua hivi. Kumpa nafasi ya kueleza shauri lake mwenyewe kwenye kikao cha halmashauri, badala ya bosi kulieleza kama lake. Kusoma ripoti yake mpaka ukurasa wa mwisho. Anajua kama hukufika. Kumpeleka mafunzo kwa zamu inayoeleweka. Semina kwenda kwa walewale kila mara ni kitu kinachoua ari haraka kuliko mshahara mdogo, kwa sababu mshahara mdogo ni wa wote.

Zawadi ya mfanyakazi bora Mei Mosi inasaidia?

Kidogo. Kwenye ofisi nyingi imeshakuwa zamu, na kila mtu anajua mwaka huu ni ya nani. Barua ya pongezi inayotaja kitu kimoja alichofanya mtu, kwa tarehe na jina la kijiji, ikawekwa kwenye jalada lake la utumishi, ina uzito kuliko cheti chenye maneno yaleyale kwa watu kumi.

Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani, Jumanne ya tatu ya mwezi Machi, nayo itumieni. Ni siku ya watu wa taaluma yetu kukutana wao kwa wao. Fulana na maandamano ni sawa, ila tengeni saa moja watu wasimuliane mashauri.

PEPMIS si ndiyo usimamizi wenyewe sasa?

Hapana. OPRAS ilianza mwaka 2004, ikaja kupisha PEPMIS, na vyote ni vyombo vya serikali vya kupima utendaji wa mtumishi. Unaingiza majukumu, msimamizi anaidhinisha, unaripoti utekelezaji. Mfumo utakuambia afisa alipanga ziara 12 akafanya 9. Hautakuambia kwamba ziara ya saba aligeuza njiani kwa sababu aliogopa. Jazeni kwa wakati, msiijaze usiku wa siku ya mwisho wote kwa pamoja halafu mlaumu mtandao. Lakini msimamizi anayedhani amemaliza kazi kwa kubonyeza "idhinisha" hajaanza.

Namsimamia mama wa miaka 56. Mimi nina 31. Nitamwambiaje kwamba amekosea?

Hapa vitabu vya wenzetu havina msaada, kwa sababu havijui shikamoo.

Kwanza, muamkie. Cheo hakifuti shikamoo. Wapo vijana wanaopewa uteuzi, na kesho yake wanapita mlangoni wakisema "habari za saa hizi" kwa mtu wa umri wa mama yao. Siku hiyohiyo wameshampoteza. Muamkie, kisha kaa, kisha kazi iendelee kama kazi.

Pili, usimwite ofisini kwako kila mara. Nenda kwake. Mama aliyefanya kazi miaka 25 akiitwa na kijana kwa njia ya mhudumu wa ofisi, atakuja na majalada yote na atajibu "sawa" kwa kila kitu. "Sawa" ya namna hiyo ni ukuta. Ukimfuata alipo na kumuuliza, "Mama, hili shauri wewe unalionaje?", utapata historia ya familia hiyo mpaka babu yao, mambo ambayo hakuna jalada lililoyabeba.

Tatu, kosa litajwe. Adabu isigeuke kunyamaza. Mimi hulipeleka kwenye shauri na kumweka mtoto katikati: "Mama, huyu mtoto sheria inamtambua kuwa mtoto mpaka afike miaka 18, na hapa tumemwandika kama mke wa mtu. Mahakama ikilisoma hivi itatuuliza nini?" Nasema "tumemwandika". Anayejua aliandika nani anajua. Mara nyingi anacheka kidogo, anavua miwani, anasema, "Lete kalamu." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekuja wakati wengi wao wako kazini tayari, waliifahamu kwa semina ya siku mbili. Wewe umeikuta darasani. Hapo ndipo ulipomzidi, na ni hapo tu. Mengine mengi amekuzidi, na akijua kuwa unalijua hilo, atakusaidia mpaka siku anastaafu.

Na kinyume chake, kijana anayesimamiwa na mzee: jifunze kusema "sijaelewa, mzee" badala ya "ndiyo, mzee". Ni neno moja tu limebadilika, lakini limeokoa watoto.

Nimekosea kwenye shauri. Nimwambie msimamizi au nitengeneze kimyakimya?

Mwambie, na leo. Nitakueleza kwa nini, kwa kosa langu.

Mwaka wangu wa tatu kazini, halmashauri moja ya mkoa huu, nilikuwa na msichana wa miaka 11 aliyepigwa na baba wa kambo. Tulimweka kwa familia ya kuaminika. Wiki ya tatu mama yake alikuja analia, akasema yule bwana ameondoka, amekwenda machimboni, nyumba ni shwari. Ilikuwa Januari. Korongo limejaa, pikipiki haina mafuta, na kijiji kiko ng'ambo. Nilimwamini mama. Nilimrudisha mtoto bila kwenda kuiona nyumba.

Niliandika kwenye jalada kwamba mtoto ameunganishwa na familia. Jalada likapanda kwa mkuu wangu, likashuka. Pembeni ameandika kwa wino mwekundu: "Imeonekana. Endelea na ufuatiliaji." Nilifurahi. Siku kumi baadaye mwalimu wake akapiga simu: mtoto haandiki, mkono umevunjika. Yule bwana hakuwahi kuondoka.

Kosa ni langu na nimelibeba. Lakini nimeutazama ule wino mwekundu mara nyingi. Swali moja tu lingetosha, maneno mawili: "Umekwenda kuona?" Ningesema hapana, tungetafuta mafuta, au tungemwacha mtoto pale alipo mpaka maji yapungue. Tangu hapo mimi siandiki "imeonekana" kwenye jalada la mtu. Naandika "tuzungumze", na ninaweka siku, maana nako kuna wanaoandika "tuzungumze" na mazungumzo hayaji.

Msimamizi akikuadhibu kwa kusema ukweli, basi watu wake watajifunza kuficha, na atakuja kuyasikia mashauri yake redioni. Tofautisha makosa, lakini. Kuamua vibaya kwa nia njema na taarifa pungufu ni jambo la kikao. Kupokea hela ya mtuhumiwa ni jambo la nidhamu, na hapo msimamizi asijifanye mshauri nasaha.

Nimeanza kuchoka. Nikisikia simu inaita natetemeka. Nitajuaje kama ni uchovu wa kawaida?

Uchovu wa kawaida unaisha ukilala na ukienda likizo. Huu mwingine unarudi nao. Dalili ninazozitazama kwa maafisa wangu ni ndogo ndogo: aliyekuwa anaandika ukurasa sasa anaandika mistari miwili, anamwita mteja "yule wa ubakaji" badala ya jina, anakwepa nyumba fulani kwa visingizio, anamkasirikia mama aliyerudi kwa mume anayempiga, nyumbani hataki watoto wake wacheze kwa jirani. Mtu anayesikiliza habari za ukatili kila siku naye anaumia, bila kupigwa kofi.

Hapa Dodoma tuna shida yetu ya ziada. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko mjini kwetu, na jina lake limegeuzwa utani nchi nzima. Ukisema unataka kumwona mtaalamu, wenzako ofisini wanacheka: "Kumbe umefika wakati wa Mirembe!" Kwa hiyo afisa anayewapeleka wengine kwa rufaa kila wiki anaona haya kwenda mwenyewe. Msimamizi auzime utani huo ofisini kwake, asiuchekee. Na awe wa kwanza kusema, "Mimi niliwahi kwenda kuzungumza na mtu."

Cha haraka anachoweza kufanya ni kugawa upya mashauri. Asimwachie afisa mmoja mashauri yote ya ukatili wa kingono kwa sababu "anayaweza". Achanganye na ya matunzo ya mtoto, ya wazee, ya usuluhishi wa ndoa. Likizo nayo iende kweli, simu ya ofisi abaki nayo mtu mwingine.

Niko Chemba ndani kabisa, msimamizi yuko makao makuu. Tunakutana kwenye semina tu. Tufanyeje?

Simu inafaa, ikiwa imepangwa. Nusu saa, siku maalum, mahali pasipo na watu; siyo "nikupigie baadaye" ukiwa mnadani. Kikao cha ana kwa ana angalau mara moja kwa robo mwaka, na msimamizi ndiye amfuate afisa, aone njia anayopita na mlango anaofungia majalada. Nilipokwenda kumtembelea mmoja wa wangu nilikuta ofisi yake ni kona ya stoo ya ofisi ya kata, na wateja wanaeleza mambo yao huku watu wanapima mahindi. Kwenye ripoti zake hakuwahi kuliandika. Aliona ni malalamiko.

Usaidizi wa wenzako nao una nguvu. Maafisa wa kata tatu zinazopakana wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja na shauri moja. Hakuna bosi, kuna chai. Tahadhari yangu ni kundi la WhatsApp: majina, picha za watoto na barua za polisi zisipite humo hata siku moja. Ukitaka ushauri wa kundi, sema "mtoto wa miaka tisa, kata ya mbali", basi.

Kwa hiyo siri ya mteja iko wapi, kama nayasema mashauri yake kwa msimamizi?

Mteja aambiwe tangu mwanzo kwamba kazi yako ina mtu anayeiangalia. Wengi hawakatai, wanapata imani. Kinachovunja siri ni jalada kusomwa na mwanafunzi wa field bila sababu, au kikao kufanyika mgahawani pale Chako ni Chako huku kuku anasubiriwa.

Na wahudumu wa kujitolea na wajumbe wa kamati vijijini, nao wanasimamiwa?

Wao kuliko sote. Ndio wanaoona kwanza, wanaishi na mtuhumiwa kijiji kimoja, wanachota maji kisima kimoja na mke wake. Afisa anayewaita tu wakati wa kujaza takwimu za robo atapata takwimu, tena za kubuni. Wapigie wakati hakuna unachotaka. Waeleze taarifa waliyoleta imefika wapi. Anayepiga 116 akiripoti mtoto anayeteswa, na asirudishiwe neno na mtu yeyote wa ofisini, mara ya pili atanyamaza. Na msiwaahidi posho ambayo bajeti yake hamjaiona.

Wanafunzi wa field je? Wanakuja wengi, muda hakuna.

Pokeeni wachache mnaoweza kukaa nao. Mwanafunzi wa UDOM au wa chuo kingine aliyetumwa chai na kupiga chapa barua kwa wiki nane, akasainiwa daftari lake siku ya mwisho kwa mkupuo, atakuja kuwa msimamizi wa namna hiyohiyo. Mimi huwapa shauri moja jepesi, wanalifuata mwanzo hadi mwisho, na kila Ijumaa dakika 30. Wananiuliza maswali ambayo wangu wameshaacha kuuliza.

Na wewe unayesimamia, anakusimamia nani?

Kwa karatasi, wakuu wangu. Kwa kweli, mzee mmoja aliyestaafu alipofikisha miaka 60, ana shamba la zabibu upande wa Hombolo. Nampigia Jumapili baada ya ibada, na mwezi nisiposafiri ninakwenda. Simpi majina. Ananisikiliza huku anakata matawi, hasemi kitu kwa muda mrefu, mpaka nafikiri hajanisikia. Halafu anauliza lilelile swali, miaka yote hii, na mara nyingi jibu langu bado ni "hapana, mzee, nitakwenda kesho".